Vikombe Sita

Swali la saba, ukurasa wa arobaini na moja:
lori limepanda mlima kwa kilomita thelathini kwa saa,
likashuka njia ileile kwa sitini.
Wastani wa mwendo wake ni ngapi?

Niliandika arobaini na tano, nikapiga mstari chini yake,
mara mbili, kwa rula, kama mtu anayetia komeo.
Nani asiyejua kugawa tisini kwa mbili?

Baba alikuwa anavua viatu kando ya jiko,
vumbi la makaa limemkaa kwenye kope kama wanja.
Sovetbek, dereva wa Kamazi, shule aliiacha darasa la nane
akafuata injini. Alisoma juu ya bega langu, midomo ikicheza.
"Huyo ni mimi," akasema.
"Na tangu niijue barabara ile, sijawahi kwenda kwa arobaini na tano."

Nikamwambia, hesabu ni hesabu, baba.
Akaniambia, kalete chupa ya chai.

Kutoka kwetu Kochkor hadi mgodini ni kilomita mia na ishirini.
Mama huijaza chupa vikombe sita, chai ya maziwa na chumvi,
na baba hunywa kimoja kila saa, asisinzie.
"Kupanda nakunywa vinne. Kushuka, viwili.
Hiyo thelathini yako hukaa nami saa nne kitini;
sitini inapita tu, kama mgeni aliyekataa kuvua koti.
Utazipaje uzito mmoja?"

Vikombe sita. Kilomita mia mbili na arobaini.
Nikagawa. Arobaini.
Nikaifuta mistari yangu mpaka karatasi ikatoboka.

(Kitabu hakihesabu foleni ya kupakia,
wala mlinzi wa lango anayeomba sigara.
Kitabuni, lori hugeuka kileleni kama nzi kwenye dari.)

Tangu siku ile niliyavamia mafumbo hayo bila huruma:
mabomba mawili na tangi linalovuja,
wafumaji watatu wa zulia, mmoja anaugua siku ya tano.
Mwalimu Kanyshai alikuwa akiuliza "Imechukua muda gani?"
kabla ya kuuliza kitu kingine chochote,
nami nilidhani ni mazoea ya kinywa tu.

Kisha Februari.
Kaka yangu Emilbek anaondoka kwenda vibaruani Urusi,
basi ni la saa moja usiku.
Baba ametoka saa sita mchana, ameahidi kumi na mbili:
vikombe sita, kama kawaida.
Mama amepanga mikate, jamu ya aprikoti, bakuli tano.

Kumi na mbili kamili simu ikalia. Upepo kwanza, halafu yeye.
"Ndiyo kwanza nimefika juu. Barafu. Nimepanda kwa ishirini.
Chupa imekauka." Akacheka, lakini si sana.
"Haya, msomi. Niteremke kwa ngapi
ili safari yetu ibaki arobaini?"

Nikachukua penseli, kana kwamba sijui.
Mia na ishirini kwa ishirini, sita.
Sita nilizokuwa nazo, toa sita.
Chini ya mstari, mahali pa saa, imekaa sifuri,
na hakuna kasi inayokubali kugawiwa na hiyo.

"Hakuna, baba," nikasema.
"Hata ukiruka. Mlima umezila zote.
Kwa hiyo usikimbize kitu. Shuka pole."

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.
Kisha akasema, "Mpe Emilbek simu."

Aliingia saa nne usiku, theluji kwenye kofia yake ya sufu.
Akalitazama begi lisilokuwapo pale mlangoni,
akaketi, akaipindua chupa juu ya bakuli
kuhakikisha.
"Ngapi?" akauliza.
"Ishirini na nne."
Akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea chenji iliyo sawa,
akauvuta mkate.