Asilimia Moja Nukta Nne

Chupa mbili, moja kila mkono,
nimesimama mbele ya friji ya duka, Bungoma mjini,
nimeazima miwani ya Mama nisome herufi za sisimizi.

Hii: protini gramu ishirini, sukari kumi na tisa.
Ile: protini kumi na tano, sukari mbili,
na majina matatu ambayo ulimi umeyakataa.
Bei usiniulize.

Muuguzi alisema ale protini, kidonda kifunge.
Mama akasema meno yamestaafu nyama.
Ndiyo maana tuko kwenye kahawa.

"Hebu soma, kahawa yenyewe ni kiasi gani?"
Amekalia kreti tupu ya soda, mkongojo mapajani.
Natafuta. Iko chini kabisa, imepakana na chumvi:
asilimia moja nukta nne.

Anacheka hadi anashika mshono.
Miaka ishirini na sita alichuma buni kule Chwele,
akazibeba debe kwa debe hadi kiwandani,
akangoja malipo mpaka muhula ukaisha nasi tuko nyumbani.
Kikombe kimoja hakuwahi kukionja.
Kwetu ilinywewa chai.

"Nipe hiyo ya sukari kidogo
niuone mbuni wangu umefika wapi."

Anakunywa kama anayetafuna uji wa mabonge,
anasoma lebo kwa ulimi, macho kayafumba:
"Maziwa ya unga. Chumvi. Kitu kama dawa ya kikohozi."
Kimya.
"Kahawa siioni."

Simuulizi angeijuaje.

Stendi tunanunua simsim ya kusagwa.
Muuzaji anaifunga kwa jani la mgomba,
juu yake haandiki kitu.