Ukurasa Uliokunjwa

Kalamu nyekundu nimeifungia kabatini
pamoja na kengele mbovu na ramani iliyochanika.
Nikawaambia darasa la pili:
katika shajara hakuna kosa.
Khongorzul akanyoosha mkono,
"Hata nikiandika farasi, herufi moja ikapungua?"
Hata hivyo. Farasi wako atakimbia tu.

Kila asubuhi, robo saa kabla ya hesabu,
jiko la makaa likinong'ona,
vichwa ishirini na vitatu vinainama.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Wino umeganda;
kalamu tunazipasha kwapani
kama vifaranga.

Wengi hulala bwenini.
Kwao ni mbali, kuliko na mifugo,
siku nzima kwa pikipiki,
siku mbili theluji ikikaza.
Basi wanaandika barua zisizo na stempu,
na tarishi ni mimi, nisiyekwenda popote.

Dulmaa: *Bibi yangu ana jino moja. Analipenda sana.*
Nyambuu: *Usiku nilimsikia Sukhee akilia.
Nami nikalia kidogo, ili asiwe peke yake.*
Otgon, wiki tatu mfululizo: *Leo hakuna kitu.*
Nikamwandikia chini kwa penseli:
Hicho kitu ambacho hakipo, kina rangi gani?
Kesho yake akajibu: *Kahawia. Kina masikio.*
Tangu hapo darasani mwetu mna mbwa.

Akaja mkaguzi kutoka makao ya mkoa,
buti zake zikidondosha maji sakafuni.
"Mwalimu Tsend, alama ziko wapi?
Hapa unasahihisha nini?"
Nikamkaribisha chai ya maziwa na chumvi.
Ikapoa mkononi mwake.
Nami jibu sikuwa nalo,
wala leo sinalo.

Sheria ni moja tu:
ukurasa ukikunjwa, sisomi.
Niliapa mbele yao, mkono kifuani.

Temuulen alikunja kurasa zote.
Desemba ikaisha, Januari ikapita,
daftari lake likanenepa kama mbuzi mwenye mimba.
Mimi ni mtu, si malaika.
Usiku, taa ikififia,
nilipapasa mgongo wa karatasi kwa kidole,
nikaisikia penseli ilivyokandamizwa,
maneno yamevimba kama makovu.
Mara moja nilishika ncha ya ukurasa.
Mara moja.
Nikaiachia.

Mwezi wa tatu, ule uliomaliza kondoo,
baba yake alikuja, akasimama mlangoni, kofia mkononi,
akasema amepita tu kumwona mtoto.
Wakakaa kwenye ngazi, bega kwa bega,
wakitafuna jibini kavu bila kusemezana.
Pikipiki ikaondoka.

Asubuhi yake daftari likaja mezani
likiwa na ukurasa mmoja ulionyooka,
ingawa alama ya mkunjo bado ilikuwepo:
alikunja, kisha akakunjua.

*Mwalimu, farasi mwekundu amekufa.
Habari zake zote nilikuandikia,
lakini wewe husomi.
Rudi nyuma. Sasa unaweza kufungua.*

Nikaongeza makaa.
Nikavuta kiti.
Nikaanza na ukurasa wa kwanza,
ambapo *farasi* imekosa herufi moja.