Kiganja Wazi

Saa kumi na moja alfajiri, Brno. Theluji imegandia nyaya za tramu.
Zdislava anavua buti, anavaa kandambili za mpira,
anashuka ngazi kumi na tisa
hadi chumba kisichojua majira:
nyuzi ishirini na mbili, Januari hadi Januari.

Panya wamelaliana, weusi kama masizi.
Kila kizimba na kadi yake, kila sikio na tundu lake.
Anawasalimu wote kwa jina moja
maana wote ni mmoja: vizazi mia, ndugu kwa ndugu,
hata ukibandua ngozi ya huyu ukamshonea yule
itashika, itaota manyoya,
na mwili hautauliza.

Mshonee basi ngozi ya mweupe wa rafu ya pili.
Siku ya tisa imekauka kama ganda la mkate,
siku ya kumi na moja imebanduka.
Kwa ganda lile ndipo jeni hii ilipojulikana,
kwa ugomvi wake, kabla ya kazi yake.
Ndivyo tunavyowajua majirani wengi.

Kazi yake si ugomvi.

Ndani ya seli hakuna kinachodumu. Protini ikichakaa
hukatwakatwa, vipande vya viungo vinane, tisa,
na jeni hii ndiyo inayofuma kiganja,
kiganja chenye mfereji katikati,
kikaokota kipande kimoja, kimoja tu,
kikapanda nacho hadi ukingoni, kikakinyoosha nje:
*Haya, tazama. Ndivyo tulivyo humu leo.*

Seli za doria hupita zikipapasa.
Hazina ufunguo, haziingii ndani.
Kipande cha nyumbani: zinapita.
Kipande cha virusi: nyumba inabomolewa,
na aliyenyoosha kiganja anakwenda nayo.
Anajua? La. Jeni haijui kitu.
Mimi ndiye ninayeandika kana kwamba.

Mficha maradhi, husema wahenga.
Simalizii; mwisho unaujua.

Lakini kizimba cha thelathini na moja, pembeni,
wamo walioondolewa jeni hiyo kwa makusudi.
Wanakula. Wanakimbia gurudumu lao.
Seli zao zimefumba viganja, na doria haioni la kusoma.
Ungedhani wamesalimika. Peleka seli hizo
kwa panya mzima: huko kuna walinzi wengine,
wenye hasira fupi, ambao humuua
asiyeonyesha chochote.

Novemba Zdislava alinyoosha mkono wake mwenyewe.
Kaka yake Bořek, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
hulazwa kando ya mashine inayomfulia damu.
Daktari alisoma karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.
"Hata nusu," alisema.
Mama hakuelewa. "Mlilala kitanda kimoja!
Mliugua tetekuwanga wiki moja!"

Zdislava alielewa, na kuelewa hakukumsaidia.
Viganja vyao vina mifereji tofauti:
kinachoshikwa na kimoja, kingine hukiangusha.
Gonjwa litakalompitia yeye bila kuonekana
kwa Bořek lingekamatwa mlangoni;
ndiyo sababu ukoo hauishi wote kwa siku moja.
Habari njema kwa ukoo.
Bořek si ukoo.

Anabadilisha maji. Anamwaga maranda.
Panya mmoja anasimama juu ya glavu yake,
anamnusa kidole gumba, anajikojolea, anashuka.

Leo ni Jumamosi. Tramu ya saa mbili, madirisha ya ukungu.
Bořek amelala, mkono wa kushoto una sindano mbili,
wa kulia uko juu ya blanketi, kiganja wazi.
Zdislava anafungua mfuko wa karatasi:
andazi la plamu, ambalo amekatazwa.
Anakata kipande kimoja, kimoja tu,
anakiweka pale katikati.

Vidole vya kaka vinajikunja kabla ya macho kufunguka.
"Plamu," anasema.