Maindi

Vijana wetu walipoliazima neno hili
walichukua kona yake moja, ile yenye makali:
kamaindi, yaani kanuna, kasusa, kaondoka.
Kona zilizobaki waliwaachia wenyewe,
na mwenyewe mmoja alikuwa Effie Geddes,
mtaa wa Lochee, mji wa Dundee,
ghorofa ya pili, mlango wa kijani uliobambuka rangi.

Alikuwa na miaka kumi na mitano alipoingia kiwandani
kufuma kitambaa cha magunia.
Akapewa mitambo miwili aimaindi:
hapo neno ni kukodoa jicho,
kujua uzi utakatika kabla haujakatika.
Kelele za mle ndani zilimeza sauti,
wanawake wakasomana midomo,
na neno hili, alisema Effie, lilikuwa jepesi kulisoma:
midomo hufumba kwanza,
kisha hufunguka kama ya mtu aliyeonjeshwa kitu.

Jioni alimaindi watoto wa dada yake,
kuwapangusa pua, kuwalisha uji wa shayiri,
kuwachapa kidogo.
Maindi ngazi, ya tatu imelegea.
Maindi kichwa, boriti ya jikoni iko chini.
Maindi ulimi wako, mchungaji yupo.
Na Dod Petrie, fundi wa boila,
alipouliza kama atamaindi kutembea naye Jumapili,
akajibu hamaindi,
jibu ambalo kwa sarufi ni kukana
na kwa miaka arobaini na sita lilikuwa ndoa.

Lakini Waskoti wana kona nyingine
ambayo Waingereza wengi wa kusini hawana ufunguo wake.
Kwao kumaindi ni kukumbuka.
Unamaindi theluji ya mwaka ule, iliyofika kwenye vitasa?
Unamaindi Dod alivyokuwa akinyoa ndevu huku anapiga mluzi?
Effie alimaindi vyote, na bei zake.

Kisha akaanza kupungua.
Kwanza zilikwenda siku za wiki,
halafu birika, lililokutwa kabatini katikati ya shuka,
halafu Dod mwenyewe: mara yuko kazini,
mara amekufa, mara ni nani huyo.
Bintiye Morven akabandika vikaratasi nyumba nzima.
MAINDI JIKO. MAINDI FUNGUO.
MAINDI DAWA, MBILI, SIO NNE.
Effie alivisoma kwa sauti, kwa heshima,
kama msafiri asomaye vibao vya mji wa watu.

Februari akaja muuguzi mpya, kutoka Kent,
msichana mpole, Tamsin, mwenye viatu visivyolia.
Chumba kilikuwa kinanuka dawa na supu ya jana.
“Utamaindi nikifungua dirisha?”

Effie alimtazama kwa muda mrefu.
“Simaindi,” akasema. “Simaindi hata kidogo, mwanangu.”

Muuguzi akatabasamu, akafungua.
Baridi ya mto Tay ikaingia, ikaketi kitandani.

Morven alikuwa mlangoni na kapu la nguo mbichi.
Alisikia neno lile lile, herufi zile zile,
na akajua mama hakusema kwamba hajali.

Hakusahihisha. Angesahihisha nini?
Alingoja Tamsin ashuke ngazi (akaruka ile ya tatu,
mtu alikuwa amemwambia),
akaja kumfunika mama mabega.
Effie akamshika kifundo cha mkono
kwa vidole vya mfumaji, vinavyotafuta ncha ya uzi.
“Na wewe, utanimaindi?”

Kumlea, au kumkumbuka?
Au kumkasirikia, kama wasemavyo vijana wetu?
Morven alikuwa na sababu za yote matatu.
Akasema ndiyo.

Akaenda kufunga dirisha.
Jikoni upepo ulikuwa umebandua kikaratasi kimoja
na kukilaza kifudifudi
karibu na bakuli la paka,
paka aliyekufa mwaka juzi,
ambaye Effie, asubuhi ile ile,
alikuwa amemwekea maziwa.