Sekunde Saba

Pongwe, nyuma ya gereji,
baba alinipandisha kwenye semitrela lake.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
leseni ya kujifunzia ikinuka gundi bado.
Vumbi la saruji lilikuwa limeuotesha mvi
mpapai wa jirani.

"Shika usukani, usiguse kingine.
Mimi nazunguka. Niambie niko wapi."
Akashuka ngazi tatu, goti lake bovu likilia.

Kioo cha kulia: matairi, matairi, turubai,
kuku wa mama Chausiku.
Kioo cha kushoto: ukuta, pipa la oili chafu.
Mbele: lami nyeupe ya jua, inaelekea Muheza.
Nikaita, "Baba, umekwenda dukani?"
Akagonga bati, chini kidogo ya mlango wa kushoto.
Alikuwa pale pale,
mwanamume wa futi sita na koti la njano,
nami sikuona hata kivuli.

Akasogea puani mwa gari, akapotea.
Akasimama nyuma ya tela, akapotea.
Akampa Shebe, utingo wake, baiskeli apite ubavuni:
Shebe akaingia kiooni, akatoka kiooni,
kama sindano iliyozama kwenye godoro.
Nikacheka.
Baba hakucheka.
"Hapo unapopacheka
ndipo walipo wote niliowakosakosa."
Akawasha sigara, akaizima kabla ya kuivuta.
"Na mmoja."
Hakutaja jina. Sikuuliza.

Leo natoka Tanga na vifaranga mia mbili
ndani ya maboksi yenye matundu,
kigari changu kama kiberiti.
Pongwe nimeiacha nyuma, mvua ya vuli imenikuta,
na mbele yangu tani thelathini za saruji
zinanirushia tope usoni.
Taa yake ya kulia inakonyeza: usipite.
Au anakata kulia, njia ya mashamba ya mkonge?
Taa haina ulimi.
Narudi nyuma, narudi tena,
mpaka vioo vyake vyote viwili nivione,
mpaka ndani ya kimoja niione kofia ya mtu.
Sasa yupo. Sasa nipo.

Noah moja nyuma yangu inapiga honi
kama mdai mlangoni mwa mdeni.
Inanipita, inaingia ukunguni,
na ukungu unatoa basi.
Breki za upepo zinapiga kwikwi,
tela linatikisa mkia.
Tani thelathini hazisimami kwa kukemewa.
Noah inajipenyeza, inatetemeka,
katika pengo lile lile nililoliacha mimi,
lile alilonipigia honi nilizibe.
Nilitaka kumtukana. Mdomo ulikuwa mkavu.

Mvua ikapungua. Noah ikatangulia zake.
Taa ya kushoto ikakonyeza: haya, pita.
Sikuiamini peke yake. Nilingoja kona iishe,
nikaiona barabara kwa macho yangu, tupu hadi kilimani,
ndipo nikakanyaga.

Matairi yake yalikuwa marefu kuliko dirisha langu.
Sekunde saba, labda nane,
nilipita mahali pale.
Hata vifaranga walinyamaza.
Sikuwepo.

Sikurudi upande wangu
mpaka nilipoziona taa zake zote mbili
kwenye kioo changu kidogo,
za njano, zimelowa,
mfano wa koti.