Mstari wa Asubuhi

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza,
naipa mashine lita zake tatu:
bomba la plastiki, mkono wangu, msukumo mmoja.
Inajibu: sawa.
Kisha najibana pua kwa kibanio
na kupuliza mimi mwenyewe,
ili kompyuta ijue uzima unafananaje.
Miaka sita kipimo cha kulinganishia ni mimi,
Dolgorsuren, fundi wa pumzi, ghorofa ya pili,
Ulaanbaatar, dirisha linalotazama moshi.

Maana Januari mji wetu hauonekani.
Mahema ya sufu yamepanda vilima vya kaskazini,
kila hema na jiko lake, kila jiko na gunia lake la makaa,
na baridi inaukalia moshi
kama mfuniko wa sufuria.

Utafiti una watu mia mbili na arobaini.
Nusu wanavuta dawa, nusu hewa tupu.
Makopo ni mapacha;
siri imelala ndani ya bahasha, ndani ya kasha la chuma,
ghorofa isiyo yetu.
Daktari Enkhjargal hajui. Mimi sijui.
Batsukh, mchochea makaa, namba mia na kumi na saba,
anadai anajua: "Langu lina dawa. Limenirudishia ngazi."
Ghorofa nne, anapanda bila kutua.
Naandika ngazi.
Furaha siiandiki; fomu haina safu yake.

Watoto ndio kazi.
"Vuta, vuta, ujae mpaka mabegani,
sasa lipua! Toa, toa, bado, bado,
zima mishumaa ya shangazi zako wote!"
Siku nzima navuta na kutoa kwa niaba ya wengine,
macho yamenitoka,
na Tuguldur wa miaka saba ananicheka
hadi kicheko kinageuka filimbi kifuani mwake
na hakuna anayecheka tena.
Mikupuo minne ya salbutamoli. Dakika kumi na tano.
Anachora farasi wa miguu sita.
Kisha anapuliza, na mlima wake kwenye skrini,
uliokuwa umebonyea kama godoro la wageni,
unanyooka.
Mama yake anauliza: ni nzuri au mbaya?
Ni jina, namwambia. Sasa kina jina.

Desemba mstari wangu ulikuwa umeanza kushuka.
Mililita themanini. Mia na kumi.
Nikailaumu mashine.
Nikasafisha kichungio, nikabadilisha mpira,
nikaipa lita tatu: sawa. Tena: sawa.
Nikamwandikia wakala barua ya adabu kali.
Akaja kijana na begi la bisibisi,
akapuliza yeye, mstari ukapaa kama tiara.
Akanitazama. Akafunga begi.

Usiku nilikuwa nakohoa, kweli. Saa tisa, saa kumi.
Nani hakohoi mji huu?
Na ngazini nilizoea kusimama
nikijifanya natafuta funguo.
Kinyozi hajinyoi, sawa,
lakini angalau kinyozi anajua kwamba ana nywele.

Daktari alizipanga asubuhi zangu mezani,
karatasi juu ya karatasi, miezi minne,
vilima vikizama polepole kama watu wanaokaa chini.
"Vuta," akasema,
na kwa mara ya kwanza neno hilo halikutoka kwangu.
Mikupuo minne. Dakika kumi na tano.
Mimi sijui kuchora farasi. Nikahesabu mabomba ya moshi.
Nikapuliza
na mlima ukasimama.

Siku hizi anayepuliza alfajiri ni Munkhjin wa mapokezi.
Mimi natembea na kopo mfukoni;
lina jina langu, na dawa ndani, bila bahasha.
Leo Batsukh alikuja ziara yake ya mwisho.
Bahasha zitafunguliwa lini? Mwezi wa sita.
Akalitikisa kopo lake sikioni kama yai.
"Zikisema ni hewa tupu," akauliza, "ngazi nilizipandaje?"

Nikambana pua kwa kibanio.
Vuta, nikamwambia.