Yule wa Saba

Farasi niliyewahi kumgusa ni mmoja tu,
wa polisi, nje ya uwanja, siku ya mechi.
Alinipumulia shingoni, nikaruka, watu wakacheka.
Hao wengine nawajua kwa namba.

Saa moja usiku, kwetu Buguruni,
huko wanakokimbia bado ni mchana, nyasi zimelowa.
Mimi niko nyuma ya kibanda cha Mwanahawa wa miamala,
kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya,
simu kwenye chaji, jasho kwenye kidole gumba.
Sibashiri nani atashinda.
Nanunua bei, nauza bei, kama nilivyofanya na vitunguu Ilala
miaka kumi na mmoja, dalali Mwinshehe,
niliyejua mwisho wa mtu kwa anavyomeza mate.

Zamani hata humu mlikuwa na mate.
Unatupa nne na robo, inakaa,
inakaa kama posa iliyopelekwa kwa watu wa maringo.
Halafu upande wa pili mtu anakohoa:
nne na nukta moja. Anaondoa. Anarudisha.
Namwona kabisa, anajikuna kisogo.

Kulikuwa na mmoja, dau lake daima liliishia na saba.
Kumi na saba. Ishirini na saba.
Mwisho wa mwezi, sabini na saba.
Sikujua ni mwanamume au mwanamke, wala analala nchi gani.
Nikamwita Saba.
Saba alikuwa mzito. Dakika mbili kabla ya geti kufunguka
woga ulimshika, ungeweza kuusikia.
Alinila, nikamla,
na Ramadhani moja alipopotea siku tatu
nilimuulizia moyoni, kama jirani ambaye taa yake haijawaka.

Kisha wakaleta mshenga wa chuma.
Hanywi kahawa. Hakai mkekani. Haulizi ukoo.
Posa haijavuka kizingiti, ndoa imeshafungwa,
talaka imetoka, mahari imegawanywa,
na wewe bado kidole kiko hewani.

"Badilisha laini," akasema Mwanahawa.
Nikabadilisha. Nikanunua na simu, laki nne, Kariakoo,
ikishikwa nusu saa inachoma kama kikaango.
Haikuwa simu.
Ule ufa kati ya bei na bei,
nilimokuwa nikiingiza mkono na kutoka na ada ya Sikudhani,
umepigwa plasta.
Imebaki senti, na senti yenyewe ina waliotangulia.
Na ukiona pesa nyingi imejipanga mbele yako kwenye foleni
usijidanganye kwamba una wenzako:
ni kanzu zilizoanikwa.
Upepo ukivuma, ndani hamna mtu.

Sisemi ni wizi.
Dalali akilia wizi, hata vitunguu vitacheka.
Nami nilimla mkulima wa Kilosa
ambaye habari ya bei ilimfikia jioni, mimi nikiwa nayo alfajiri.
Nilimzidi mbio, basi.
Lakini nilimtazama usoni. Nilimpa nauli ya kurudi.
Huyu hatoi nauli.

Jana, mbio za tano, geti halijafunguka,
kwenye kioo: thelathini na saba.
Imekaa.
Ikaondoka. Ikarudi, na woga ule ule.
Nikasimama, kiti kikaanguka,
nikaita "Saba!" kwa sauti, Mwanahawa akadhani nimeshinda.
Kidole kikashuka.
Imeshaliwa.

Sijui na nani.
Sijui hata kama alikuwa yeye,
au kuna chuma kimefundishwa kusitasita.

Nikaokota kiti.
Nikaweka dau kwa bei ya kijinga,
bei ambayo hakuna mwenye hesabu angeigusa,
saba tu, si zaidi.
Farasi wakatoka, wakazunguka, wakafika.
Ilikaa palepale.
Mwanahawa alikuwa ameshaanza kufunga dirisha.